Mkaguzi wa Nyama na Kifua Kikuu cha Ng'ombe

Asubuhi moja mzee mmoja alisimama mlangoni pa machinjio, fimbo mkononi, akimtazama mkaguzi wa nyama kwa hasira. Ng'ombe wake alikuwa amechinjwa alfajiri, naye alikuwa jike mnono mwenye manyoya ya kung'aa. Hata hivyo mkaguzi alikuwa ameamuru kwamba nyama yake yote isiuzwe, wala kipande kimoja kisitoke mlangoni.

"Kijana wangu," akasema mzee, "ng'ombe huyu jana alikula majani na kunywa maji, na hapa amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Ugonjwa umeuona wapi?"

Mkaguzi hakubishana naye. Alimwita karibu, akamwonyesha mapafu yaliyojaa vinundu vya rangi ya manjano, na vinundu vingine kama hivyo katika ini na katika utando wa ndani ya kifua. Kisha akakata tezi moja. Ndani yake mlikuwa na kitu kikavu, mfano wa maziwa yaliyoganda na kukamuliwa maji, na kisu kilipopita kilikwaruza kana kwamba kimekata mchanga. "Hiki ni kifua kikuu, baba," akasema mkaguzi.

Mimi nilikuwapo siku ile kwa shughuli ya kuandika hesabu za ngozi, na niliyoyaona yalinifanya nitake kuwaeleza wafugaji wenzangu kazi ya mkaguzi huyo, kwa kuwa wengi humhesabu kuwa adui.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kifua kikuu cha ng'ombe ni ugonjwa wa polepole. Vidudu vyake vikiingia mwilini, aghalabu kwa pumzi, mwili huvizungushia ukuta na kuvifungia ndani ya kinundu. Ng'ombe aweza kukaa hivyo kwa miezi mingi, hata miaka, akila, akizaa na kukamuliwa. Siku ya kukonda na kukohoa huja baadaye, na pengine huchinjwa kabla haijafika. Kwa hiyo macho ya mnunuzi sokoni hayawezi kuuona ugonjwa huu. Mara nyingi kisu ndicho huufichua.

Mkaguzi hakati ovyo. Huanza na kichwa, akizipasua tezi zilizo chini ya taya na zile za nyuma ya koo. Kisha huyashika mapafu na kuyabonyeza kwa vidole ili ahisi kama mna kitu kigumu, akazikata tezi zilizo penye njia za pumzi na zile za katikati ya mapafu. Kichwa na kifua hupewa uangalifu mkubwa, kwa sababu ndiko alama za ugonjwa huonekana mara nyingi. Baada ya hapo hutazama ini na tezi yake, wengu, figo, tezi za matumbo, na kiwele akiwa ni jike. Kisu kilichogusa ugonjwa hakigusi tena nyama safi mpaka kimetiwa katika maji ya moto wa nyuzi 82 za Selsiasi. Ndiyo sababu mkaguzi mwema huwa na zaidi ya kisu kimoja.

Ugonjwa ukionekana mahali pamoja tu, sehemu hiyo pamoja na tezi zake hukatazwa, na nyama iliyobaki yaweza kupita. Ukiwa umeenea mwilini, au mnyama amedhoofika, nyama yote hukatazwa na kuteketezwa. Na yafaa kusema pia kwamba si kila uvimbe ni kifua kikuu. Kuna majipu, kuna minyoo, na kuna vidudu vingine vinavyofanya alama za kufanana. Panapo shaka, kipande cha tezi hupelekwa maabara kitiwe rangi na kutazamwa kwa hadubini, au vidudu vioteshwe, kazi ambayo huchukua majuma kadhaa.

Je, ugonjwa wa ng'ombe wamhusuje mwanadamu? Swali hili liliwahi kuwagawanya hata wataalamu. Mwaka 1882 Robert Koch, daktari Mjerumani, alitangaza kwamba amekipata kidudu cha kifua kikuu. Lakini mwaka 1901, katika mkutano wa madaktari mjini London, bwana huyohuyo alisema kwamba ugonjwa wa ng'ombe si hatari kubwa kwa watu. Serikali ya Uingereza haikuridhika, ikaweka tume ya kulichunguza neno hilo. Tume ilifanya kazi miaka 10, na mwaka 1911 ikatoa jibu: kidudu cha ng'ombe humwambukiza mwanadamu, na watoto wanyweshwao maziwa mabichi wamo hatarini zaidi.

Jibu hilo halijabadilika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2016 watu 147,000 waliugua kifua kikuu kilichotokana na wanyama, na 12,500 wakafa. Afrika ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa kuliko mabara mengine. Mtoto aliyeupata kwa maziwa huenda asikohoe kamwe. Aweza kuvimba tezi za shingo, au kuugua tumbo ama mifupa, na wazazi wake wasitambue kwamba chanzo kiko zizini. Tena kidudu hiki hakishindwi na pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kawaida za kifua kikuu. Kwa hiyo ni vema daktari aambiwe kama mgonjwa amekuwa akinywa maziwa mabichi.

Hapo ndipo tunapoona faida kubwa ya kazi ya machinjioni. Kuzuia nyama mbovu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua ng'ombe yule ametoka zizi gani, maana wenzake walilala naye, wakapumua naye, na huenda wangali wanakamuliwa. Nchi ya Australia ilianza vita vya kuufuta ugonjwa huu mwaka 1970. Ng'ombe walioletwa kuchinjwa walifungwa kibandiko mkiani chenye namba ya shamba walikotoka. Kinundu kilipoonekana machinjioni, waganga wa mifugo walikwenda moja kwa moja shambani, wakawapima waliobaki. Mwisho wa mwaka 1997 nchi hiyo ilitangazwa kuwa huru na kifua kikuu cha ng'ombe.

Sisi hapa Kenya tunayo Sheria ya Usimamizi wa Nyama tangu mwaka 1972, na mifugo isafirishwayo yatakiwa kuwa na kibali. Lakini sheria haina miguu. Ng'ombe huuzwa katika soko la kwanza, akauzwa tena katika la pili, akachanganywa na wengine njiani, hata mkaguzi aulizapo, "Huyu ametoka kwa nani?" hapana ajuaye. Wengine wajua lakini hunyamaza, wakiogopa aibu. Wengine tena huchinjia vichakani usiku, ambako hapana mkaguzi wala muhuri. Watu hao huokoa bei ya ng'ombe mmoja na kuliacha zizi zima katika hatari. Wazee walisema kweli: mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi tufanye nini? Tupeleke wanyama wetu katika machinjio yenye mkaguzi, na kununua nyama yenye muhuri tu. Tutunze kibali na kuandika daftarini ng'ombe aliponunuliwa na alipouzwa. Tuchemshe maziwa yote mpaka yatokote, hata yale ya kugandisha, kwa kuwa uchachu hautoshi kuviua vidudu hivi. Tupike nyama iive, maana jicho la mkaguzi, hata likiwa kali namna gani, haliwezi kuona kila kinundu kidogo. Na ng'ombe wetu akikatazwa, tumwite mganga wa mifugo awapime waliobaki nyumbani.

Nirudi kwa yule mzee. Hasara yake ilikuwa kubwa, wala sitaki kuipunguza kwa maneno matamu. Lakini mkaguzi alipokwisha kumwonyesha ile tezi, alimwuliza jambo moja tu: "Baba, maziwa ya ng'ombe huyu yalinywewa na nani?"

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Wajukuu wangu." Akaiegemeza fimbo ukutani, akaketi, akaanza kumtajia mkaguzi jina la kijiji chake na hesabu ya ng'ombe waliobaki zizini.