Manifoldi Iliyotengenezwa: Somo kutoka Mogitu



Sisi watu wa karafuu hatuna mashamba ya ngano, lakini mabonde yetu ya mpunga hulimwa kwa trekta, na trekta ikilala wakati wa kulima, sote twaingoja. Kwa hiyo yafaa tujifunze kwa wenzetu wa bara.

Mogitu ni kata ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara. Wilaya ile imezoea trekta. Katika miaka ya 1970 Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano huko. Mashamba ya shirika yamekwisha, lakini kazi ya trekta haikwisha. Mwenye trekta moja kuukuu hulima shamba lake, kisha huwalimia majirani kwa malipo. Mvua ikianza, siku za kulima ni chache. Mashine moja ikiharibika, hasara ni ya wengi.

Trekta ijulikanayo sana ni Massey Ferguson 135, iliyotolewa mwaka 1964. Nyingi zina injini ya Perkins ya dizeli yenye silinda 3. Ubavuni mwa injini pana manifoldi ya moshi, ambayo hupokea moshi kutoka kila silinda na kuupeleka kwenye bomba. Imefanywa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa. Chuma hicho huvumilia moto sana, lakini hakipindi: kikizidiwa hupasuka. Miaka ya kupata moto na kupoa, pamoja na mtikisiko wa bomba lililosimama wima, hukitia ufa.

Ufa si jambo la kudharau. Moshi wa moto hutoka karibu na mirija ya mafuta, na cheche moja yatosha kuwasha majani makavu. Tena moshi huo una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Msiwashe trekta ndani ya banda lililofungwa.

Fundi hodari hupasha moto chuma chote kabla ya kukichomea, kisha hukizika katika majivu au mchanga mkavu kipoe polepole. Hapo wengi husema kazi imekwisha. Kumbe imefika nusu. Mwenye karafuu anajua: kuchuma ni jambo moja, kuanika ni jingine, na kwenye kuanika ndiko mali inakoharibikia. Kurudisha manifoldi mahali pake ni vivyo hivyo.

Kwanza, safisheni. Zibeni matundu ya injini kwa vitambaa safi ili uchafu usiingie, kisha kwangueni mabaki ya gasketi ya zamani mpaka chuma kionekane. Msisahau kuvitoa vitambaa hivyo kabla ya kufunga.

Pili, pimeni usawa. Moto wa kuchomea huweza kukipinda chuma kidogo. Wekeni rula ya chuma juu ya nyuso zote za manifoldi kwa pamoja, mtazame kwenye mwanga. Mwanga ukipita chini ya rula, nyuso hazilingani. Hapa ndipo watu wengi hukosea: huongeza gasketi ya pili, au hukaza nati kwa nguvu wakidhani chuma kitanyooka. Hakinyooki, hupasuka tena, na pengine pabaya kuliko kwanza. Pelekeni karakana wakichonge mpaka kiwe sawa.

Tatu, jaribuni matundu. Manifoldi iingie kwenye stadi zake kwa mkono, bila nyundo. Matundu yake hufanywa mapana kidogo kuliko stadi ili chuma kikipata moto kipate nafasi ya kutanuka. Tundu likiwa limehama, lipanueni kwa tupa. Stadi iliyoliwa na kutu ibadilishwe sasa, maana ikikatika ndani ya injini kazi ya saa moja itakuwa ya siku mbili.

Nne, tieni gasketi mpya, na nati zote zifungwe kwa vidole kwanza. Kisha kazeni kwa spana, mkianzia katikati na kwenda pembeni, kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko. Mkianza kwa kukaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili hubaki umeinuka. Nati za shaba zafaa, kwa kuwa hazishikwi na kutu upesi.

Tano, bomba la moshi likae lenyewe bila kuvutwa, na lishikiliwe vizuri lisitikise manifoldi.

Sasa washeni injini uwanjani, msikilize. Mlio wa kupuliza au masizi meusi penye kiungo ni dalili kwamba moshi unapita. Msipapase kwa mkono. Iacheni ipate moto sawasawa, izimeni, na ikishapoa kazeni nati tena. Rudieni baada ya siku ya kwanza ya kulima, kwa kuwa gasketi mpya hujikandamiza na nati hulegea.

Wanachama wenye trekta ya shirika wafanye ukaguzi huu kabla ya mvua, fundi akiwa bado na nafasi. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: ukiuziba, hakikisha pia umekirudisha kitu mahali pake.