Mama Asiyeruhusiwa Kumbariki Mwanawe

Siku ya arusi ya mwana ni siku ya mama pia. Yeye ndiye aliyemzaa, akamnyonyesha, akakesha naye alipougua. Basi watu wote huona ni haki aketi mahali pa mbele siku ile, akafurahi kuliko wageni wote. Lakini katika nchi ya Uhindi wako akina mama wengi ambao siku hiyo hukaa chumba cha nyuma, au husimama penye mlango, wakisikia ngoma na nyimbo bila kuthubutu kusogea. Kosa lao ni moja tu: waume zao wamekufa.

Tuwape, wasomaji wapenzi, mfano mmoja ambao mwenyewe ameusimulia mara nyingi mbele ya watu. Raj Loomba alizaliwa katika jimbo la Punjab, upande wa kaskazini wa Uhindi. Baba yake alifariki tarehe 23 Juni 1954, naye mtoto alikuwa na umri wa miaka kumi tu. Msiba ulipoingia nyumbani, bibi yake, yaani mama wa marehemu, alimwamuru mkwewe avue bangili zake, afute tone jekundu kipajini, wala asivae tena nguo za rangi. Mama akatii. Akawalea wanawe, akawasomesha.

Miaka ikapita, Raj akaoa. Siku ya arusi mama yake alikuwa ameketi karibu na mahali pa ibada. Kuhani akamwambia aondoke, akae mbali, kwa maana yeye ni mjane, na kuwapo kwake kungeweza kuwaletea bwana na bibi arusi mkosi. Sisi nasi twauliza: ni nani katika mkutano ule aliyemtakia kijana yule mema kuliko mama yake?

ALAMA ZA MWENYE MUME

Yafaa tuseme mapema kwamba Wahindi si watu wa namna moja. Wako Waislamu, Wakristo na Masingasinga. Hata miongoni mwa Wahindu wenyewe desturi hubadilika kwa jimbo na kwa tabaka. Tangu zamani ukali wote uliwaangukia hasa wajane wa matabaka ya juu, na zaidi wale wa Wabramini, ndio tabaka la makuhani. Katika matabaka mengi ya chini mjane aliweza kuolewa tena. Huko Punjab na Haryana mara nyingi aliolewa na ndugu wa marehemu, desturi ambayo wasomaji wetu hawataistaajabia.

Mwanamke wa Kihindu aliyeolewa hujulikana kwa alama zake. Shingoni huvaa mkufu wa dhahabu na shanga nyeusi aliovikwa na mumewe, uitwao mangalasutra. Katika njia ya nywele hupaka unga mwekundu. Mikononi ana bangili za kioo, na miguuni pete za vidole. Huko kusini, mwanamke ambaye mumewe yu hai huitwa sumangali, maana yake mwenye baraka. Mume akifa, alama hizo huondolewa zote. Bangili huvunjwa, mkufu hukatwa, wekundu hufutwa. Zamani, katika Bengal, Maharashtra na nchi ya Watamili, mjane wa Kibramini alinyolewa nywele pia, akavaa nguo za ujane maisha yake yote, akala mlo mmoja kwa siku. Bengal alikatazwa hata samaki, kitunguu na kitunguu saumu, kwa kuwa ilidhaniwa vyakula hivyo huamsha tamaa za mwili.

Kwa hiyo arusi, iliyo sikukuu ya alama hizo zote, ndiyo mahali ambapo mjane huumia kuliko pengine. Kabla ya arusi bibi arusi hupakwa manjano mwilini. Wanaompaka ni wanawake wenye waume, na mjane hutakiwa asimguse. Wazee humbariki bibi arusi wakimwombea bahati ya uke isiyokatika. Fikirini maana ya maneno hayo: binti huombewa afe kabla ya mumewe! Tena lipo tendo kubwa la kumtoa binti kwa mumewe, ambalo hufanywa na baba na mama pamoja. Mama akiwa mjane, katika nyumba nyingi humwachia kaka yake, au shemeji yake na mkewe, tendo hilo. Yeye aliyemlea binti peke yake hutazama kwa mbali watu wengine wakimtoa.

NA MWANAMUME JE?

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno kwa mwanamume aliyefiwa na mkewe: mgane. Je, mgane wa Kihindu hutendewaje? Hakuna anayemvunjia kitu, kwa sababu hana alama ya kuvunjwa. Mavazi yake hayabadiliki, chakula chake hakipunguzwi. Arusini huketi pamoja na wazee wenzake, akabariki maarusi, wala hapana anayeogopa kivuli chake. Naye akitaka kuoa tena, jamaa zake wenyewe humtafutia mke.

Matokeo yaonekana hata katika hesabu za serikali. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu katika Uhindi wajane zaidi ya milioni 40, lakini wagane hawakufika hata nusu ya hesabu hiyo. Sababu moja ni kwamba wanaume huoa wanawake wadogo kuliko wao, na nyingine ni kwamba wagane wengi huoa tena. Msiba ni uleule mmoja, lakini mwanamume huutoka, na mwanamke hufungwa ndani yake.

Chanzo chake nini? Kwanza ni imani kwamba wema wa mke hulinda uhai wa mume. Basi mume akifa mapema, watu humtazama mke: labda alitenda dhambi katika maisha yaliyotangulia. Pili ni mali. Binti akiolewa huhamia kwa watu wa mume, na mume akifa yeye huwa mtu wa kulishwa, au mtu wa kudai shamba. Mjane aliyefundishwa kwamba hastahili kitu hadai kitu. Tatu ni ndoa za watoto. Wasichana wadogo waliozwa kwa wanaume wazima, na sensa za zamani zilihesabu hata wajane wasiotimiza miaka kumi. Watoto hao walifungwa ujane kabla ya kujua ndoa ni nini.

WALIOSIMAMA

Tusidhani kwamba Wahindi wenyewe walinyamaza. Huko Bengal Ram Mohan Roy alipigana kwa maneno na kwa maandiko na desturi ya kumchoma mjane hai pamoja na maiti ya mumewe. Tarehe 4 Desemba 1829 gavana Mwingereza, Lord William Bentinck, aliipiga marufuku. Lakini mjane aliyeokolewa motoni alibaki bila maisha. Ndipo akasimama mwalimu mmoja, Mbramini, Ishwar Chandra Vidyasagar. Alichunguza vitabu vya kale vya Kihindu, akaonyesha kwamba havimkatazi mjane kuolewa tena. Alitukanwa sana, lakini mwaka 1856 sheria ikatoka ya kuruhusu ndoa hizo. Naye hakuwahubiria wengine tu: mwaka 1870 mwanawe mwenyewe alioa mjane.

Hata hivyo sheria ile ilikuwa na kasoro: mjane aliyeolewa tena alipoteza haki yake katika mali ya mume wa kwanza. Tena watu wachache walithubutu kuitumia, kwa maana sheria huandikwa kwa siku moja, na moyo wa jirani hubadilika kwa miaka mingi.

Wanawake nao hawakungoja kuokolewa na wanaume. Pandita Ramabai, mwanamke aliyejua Kisanskriti kama wataalamu wakubwa, alifiwa na mumewe mwaka 1882, akabaki na mtoto mchanga wa kike. Mwaka 1889 alifungua Bombay nyumba ya kuwasomesha wajane, na baadaye makao makubwa huko Kedgaon, akayaita Mukti, yaani ukombozi. Mwaka 1893 mmoja wa wanafunzi wake aliolewa na Dhondo Keshav Karve, mwalimu wa hesabu aliyekuwa mgane. Angeweza kuoa msichana, kama desturi ilivyompa ruhusa, lakini alimchagua mjane. Watu wa kijiji chake wakamtenga. Karve hakurudi nyuma. Mwaka 1896 alianzisha makao ya wajane karibu na Pune, na mwaka 1916 chuo kikuu cha wanawake. Alikufa mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 104, na nchi iliyomtenga ilikuwa imekwisha kumpa nishani yake kubwa kabisa.

Mwaka 1956 sheria mpya ya urithi ilimpa mjane wa Kihindu sehemu sawa na ya mwana katika mali ya mumewe, nayo ikawa mali yake kabisa. Kwa sheria, basi, mjane amekuwa mtu kamili.

MJI WA WAJANE

Lakini nendeni Vrindavan, mji mtakatifu wa Wahindu upande wa kusini wa Delhi. Huko wanaishi maelfu ya wajane, na wengi wao wametoka Bengal. Wengine walikuja kwa kupenda kusali. Wengine waliletwa na wana wao, wakaachwa. Wengine walikimbia matusi ya nyumbani. Kwa miaka mingi waliimba nyimbo za ibada kwa masaa mengi ili wapewe rupia chache na kikombe cha mchele. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya nchi ilihuzunishwa na hali yao, na chama kiitwacho Sulabh, cha Bindeshwar Pathak, kikaanza kuwapa fedha kila mwezi. Mwaka uliofuata wajane wa Vrindavan walicheza sikukuu ya Holi, ambayo watu hurushiana unga wa rangi. Wanawake wazee, waliovaa nyeupe tangu ujana wao, walionekana wamelowa rangi nyekundu na manjano, wakicheka. Mtu asiyejua habari zao angesema ni mchezo tu.

Na katika Maharashtra, mwezi wa Mei 2022, baraza la kijiji cha Herwad liliazimia kwamba mjane asivunjwe tena bangili, asikatwe mkufu, wala asifutwe wekundu wake. Serikali ya jimbo ikaviagiza vijiji vingine vifuate mfano huo. Jambo hili latupendeza sana, maana halikuanzia kwa wakubwa wa mji mkuu. Lilianzia kijijini, kwa watu waliowajua wajane wao kwa majina.

NASI JE?

Raj Loomba naye hakusahau siku ya arusi yake. Alipokwisha kufanikiwa katika biashara huko Uingereza, alianzisha mwaka 1997 chama cha kuwasaidia wajane, kwa jina la mama yake. Akaomba tarehe 23 Juni, siku mama yake alipofiwa, iwe siku ya wajane wa dunia nzima. Mwezi wa Desemba 2010 Umoja wa Mataifa ulikubali, na nchi iliyopeleka ombi hilo ilikuwa ya Afrika: Gabon. Pengine Waafrika walilielewa ombi hilo upesi kwa sababu waliyajua machozi hayo.

Maana Wakongo hatuwezi kuwacheka Wahindi. Kwetu hatuvunji bangili, lakini ni nani asiyemjua mjane ambaye shemeji zake walibeba vitanda na masufuria kabla matanga hayajaisha? Ni nani asiyesikia mwanamke akiulizwa penye maiti, «Umemfanya nini ndugu yetu?» Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 humhesabu mke aliyebaki miongoni mwa warithi, lakini kanuni hailali mlangoni pa mjane kumlinda usiku. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Mwanamume anayemfukuza mke wa ndugu yake na akumbuke kwamba ana dada, ana binti, naye mwenyewe ana mke atakayebaki nyuma yake.

Nanyi vijana mnaosoma habari hii shuleni, siku yenu ya arusi itakuja. Mtaandika majina ya wageni na kupanga viti. Ikiwa mama yenu ni mjane, au ikiwa yuko shangazi mjane aliyewalipia karo kwa kuuza mihogo sokoni, msimwache akae jikoni akihesabu sahani. Mshikeni mkono, mmwongoze mpaka mbele ya watu wote, mkae karibu naye. Na mbaraka wa kwanza uwe wake.