Umeona Nini Angani?

Wakati wa kiangazi, watu wanaposafisha mashamba, toka nje usiku pale Mazimbu, pembeni mwa mji wa Morogoro. Tazama upande wa milima ya Uluguru. Huenda ukaona mstari mwekundu umening'inia hewani. Hauko chini, na wala hauko kwenye nyota. Uko katikati tu, na unasogea polepole.

Mwenyeji hashtuki. Anajua kuwa mlima umefichwa na giza, na mstari ule ni moto wa shamba, au moto uliomshinda mtu ukaingia vichakani. Lakini mgeni aliyeingia usiku huo huo, ambaye hajauona mlima, atakuambia kuwa ameona moto unaoruka. Hasemi uongo. Moto ameuona. Asichokiona ni mlima.

Vivyo hivyo taa ya mtu anayeteremka alfajiri na mkungu wake wa ndizi kwenda sokoni. Taa inashuka, inapotea nyuma ya miti, inatokea tena mahali pengine. Ukiwa chini huku, unaona taa tu. Mtu na njia huvioni.

Katika somo hili tutasoma habari za vitu ambavyo watu wameviona angani wasivitambue. Wengine walikuwa askari, wengine raia kama wewe na mimi. Neno la kushika ni hilo: kutotambua. Kitu kisichotambulikana ni kitu ambacho aliyekiona hakukijua. Halina maana kwamba kitu hicho kimetoka dunia nyingine, wala kwamba kimetumwa na mtu.

ASKARI NA ANGA

Zamani babu zetu waliogopa vitu vya ardhini, kama simba na maadui wa miguu. Ndege za vita zilipokuja, hofu ikahamia juu.

Hapa kwetu jambo hilo lilianza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika mdomo wa mto Rufiji. Waingereza walileta ndege kuitafuta. Wakulima wengi wa Rufiji walikuwa hawajaona kitu cha namna hiyo maishani mwao. Walisikia ngurumo, wakainua vichwa, wakaona kitu chenye mabawa yasiyopiga. Watu wakakipa jina la kitu walichokijua: ndege. Hata leo tunaliita hivyo hivyo dubwana la chuma.

Mwaka 1917 Wajerumani walituma puto kubwa lenye injini, urefu wake meta 226, kutoka Bulgaria lije kuwaletea askari wao wa huku dawa na risasi. Lilifika juu ya Sudani, likarudi. Kama lingefika, fikiri wewe wakulima wa kusini wangesimulia nini.

Mwaka ule ule wa 1914, watu wengi wa Afrika Kusini walisema wameona ndege za Wajerumani usiku, zikiwa na taa, zikitokea upande wa Namibia, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Wajerumani. Walioona walikuwa watu wa kila namna. Lakini Wajerumani wa Namibia walikuwa na ndege chache sana, na ndege hizo hazikuwa na uwezo wa kwenda mbali namna ile usiku na kurudi. Watu walikuwa wakisubiri adui kutoka angani, na kila nyota kubwa ikawa adui.

Hata askari waliofundishwa hupatwa na jambo hili. Mwezi Desemba 1941 Wajapani waliishambulia Marekani kwa ndege. Miezi miwili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 25 Februari 1942, askari wa mji wa Los Angeles walisema wameona ndege za adui. Wakazima taa za mji mzima, wakafyatua makombora zaidi ya 1,400 kwenda juu. Kulipokucha hapakupatikana hata ndege moja iliyoanguka. Hapakuwa na bomu lililodondoshwa. Lakini raia kadhaa walikuwa wamekufa, kwa ajali za magari gizani na kwa mshtuko wa moyo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1983, waandishi wa historia wa jeshi la anga la nchi hiyo walisema kuwa inaelekea chanzo kilikuwa puto la kupimia hali ya hewa. Moshi wa makombora yenyewe, ukimulikwa na taa kali, nao ukaonekana kama ndege zaidi.

Usiwacheke. Turudi Mazimbu, uone ugumu wa kazi ya mlinzi.

Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi ya shamba la zamani la mkonge hapo Mazimbu. Vijana waliokimbia mauaji ya Soweto ya mwaka 1976 walijengewa shule hapo. Iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na madarasa, mashamba, hospitali, na watoto wadogo pia. Mwaka 1992 ANC iliikabidhi shule hiyo kwa Tanzania, na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Watu wa Mazimbu walikuwa na sababu ya kuogopa anga. Mwezi Machi 1979 ndege za makaburu zilipiga kambi ya ANC huko Novo Catengue, Angola. Mwezi Mei 1983 zilipiga Matola, karibu na Maputo. Makaburu walitangaza kuwa wamepiga vituo vya ANC, kumbe mabomu yaliangukia pia kiwanda cha jemu na kuua wafanyakazi. Na sisi wenyewe, mwaka 1979, wakati wa vita na Idi Amin, ndege ya Libya ilikuja kupiga mabomu Mwanza. Ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi.

Sasa jiweke wewe katika nafasi ya mlinzi wa mahali kama Mazimbu, katika miaka ile. Saa kumi alfajiri unaona taa nyeupe kali inapanda upande wa mashariki. Ukisema ni nyota tu ukaendelea kuota moto wako, na kumbe ni ndege, watoto wamekwisha. Ukiwaamsha watoto wote na kuwakimbiza vichakani kila nyota ya asubuhi inapochomoza, kwa wiki mbili hakuna atakayekusikiliza tena. Mazimbu haikupigwa. Lakini mlinzi hakuwa na njia ya kulijua hilo mapema.

SAHANI NA UNGO

Tarehe 24 Juni 1947 rubani mmoja Mmarekani, Kenneth Arnold, aliona vitu tisa ving'aavyo vikipita kwa kasi karibu na mlima mrefu. Alipoulizwa, alisema vilikwenda kwa kurukaruka, kama sahani iliyotupwa juu ya maji. Alikuwa akieleza mwendo. Magazeti yakaandika habari za sahani zirukazo. Tangu hapo maelfu ya watu wakaanza kuona sahani. Neno lilitangulia, macho yakafuata.

Sisi tusijione wajanja. Wao wana sahani, sisi tuna ungo. Mtu akiona moto unapita juu ya nyumba usiku wa manane, kesho yake utasikia kuwa mchawi fulani amesafiri na ungo wake. Kisha watu wanatazama moto ulielekea kwa nani. Hapo ndipo hatari ilipo. Katika nchi yetu wazee wameuawa, hasa akina mama, kwa tuhuma za uchawi. Bibi ambaye nyumba yake iko upande kilikoangukia kimondo hana kosa lolote. Kimondo ni kipande cha jiwe au chuma kinachotoka mbali na kuwaka kinapoingia katika hewa yetu. Vingi huungua vikaisha. Kimoja kikubwa kilichofika chini kiko Mbozi, mkoa wa Songwe. Ni chuma, uzito wake tani 12 hivi, na unaweza kwenda kukigusa.

JUU YA KILIMANJARO

Habari iliyojulikana sana katika Afrika Mashariki ni ya tarehe 19 Februari 1951. Ndege ya abiria ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilikuwa ikitoka Nairobi kwenda Mombasa. Saa 1.20 asubuhi mtu wa redio alimwonyesha rubani kitu cheupe king'aacho kama nyota, kimesimama juu ya Kilimanjaro. Rubani akawaambia abiria. Wakakitazama kwa darubini, kwa zaidi ya dakika kumi. Walisema kilikuwa na umbo la risasi, rangi ya fedha, na mistari myeusi. Mwisho kikapanda na kuelekea pwani. Walikadiria urefu wake kuwa zaidi ya meta 60.

Hawa hawakuwa walevi wala waongo, na walikuwa wengi. Mimi naamini kabisa kwamba waliona kitu. Lakini hapo kwenye meta 60 naomba tusimame kidogo.

Funga jicho moja, nyosha mkono, uinue kidole gumba. Kinaufunika mwezi wote. Je, mwezi ni mdogo kuliko kidole? Kunguru aliye karibu na tai aliye mbali huonekana sawa. Kama hujui umbali wa kitu, huwezi kujua ukubwa wake, wala mwendo wake. Hata rubani hawezi.

Tena milima mirefu ina mambo yake. Upepo ukipanda mlima hutengeneza mawingu ya duara, laini, yanayosimama mahali pamoja kama kofia au sahani wakati mawingu mengine yanakwenda. Na asubuhi, hewa baridi ikikaa chini ya hewa ya joto, nuru hupinda. Hapo unaweza kupata mazigazi, jamaa ya yale maji unayoyaona barabarani mchana wa jua kali na ukifika hayapo.

Mwaka uliofuata, 1952, gazeti moja la Vienna liliandika kuwa sahani mbili za moto zimeonekana juu ya migodi ya urani karibu na Elisabethville, mji ambao sasa ni Lubumbashi. Rubani mmoja, lilisema gazeti, alizifukuza kwa ndege ya vita mpaka zikapotea kuelekea Ziwa Tanganyika. Idara ya ujasusi ya Marekani ikaitia habari hiyo katika majalada yake. Siku hizi watu huonyesha karatasi ile kama ushahidi. Lakini isome vizuri. Jambo ni la Kongo, gazeti ni la Ulaya, karatasi ni ya Marekani. Aliyeandika hakuwa amesimama pale. Kwa nini basi waliitunza? Kwa sababu urani ya Katanga ndiyo iliyotumika kutengeneza mabomu yaliyoangushwa Japani mwaka 1945. Mkubwa akiwa na hofu juu ya mali yake, hukusanya hata uvumi.

Jeshi la anga la Marekani lilikusanya habari 12,618 za namna hii mpaka mwaka 1969. Baada ya kuzichunguza, nyingi zilikuwa nyota, sayari, vimondo, maputo na ndege. Zilibaki 701 zisizotambulika. Mwaka 2024 ofisi ya wizara ya ulinzi ya nchi hiyo ilitoa taarifa nyingine. Ilisema haikupata ushahidi wowote kwamba kuna chombo kilichotoka dunia nyingine.

Siku hizi kuna vitu vipya. Tangu mwaka 2019 zinarushwa setilaiti nyingi kwa pamoja. Siku za mwanzo huonekana jioni au alfajiri zikifuatana kama shanga katika uzi, bila sauti. Na vingine huanguka. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma, upana meta 2.5, uzito kilo 500 hivi, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni sehemu ya roketi. Kitu kikianguka kijijini kwenu, usikiguse, na watoto wasikisogelee. Mwezi Februari 2011 ghala la silaha la Gongo la Mboto, Dar es Salaam, lilipolipuka usiku, mabomu yaliruka juu ya nyumba za watu na kuua. Si kila moto wa angani ni nyota.

ANDIKA

Zamani ulikuwa huna njia ila kusimulia. Ulimwambia jirani, jirani akamwambia shemeji yake, na kufikia jioni taa moja imekuwa tatu. Sasa unajua kuandika. Ukiona kitu usichokijua, chukua daftari usiku huo huo, kabla hujamsimulia mtu. Andika saa. Andika ulikuwa umesimama wapi, na kitu kilikuwa juu ya nini: mwembe, paa, kichuguu. Andika kama kilikwenda au kilisimama, na kwa muda gani. Usiandike ukubwa. Usiandike jina la mtu. Kisha kesho, saa ile ile, rudi usimame pale pale.

Huu ni mfano:

"Jumanne. Saa 1.10 usiku. Nimesimama mlangoni pa jikoni. Taa nyeupe kali juu ya mwembe wa shule, upande wa machweo. Haina sauti. Nilidhani inanifuata nilipokwenda kisimani. Nikisimama, nayo inasimama. Saa 2.30 imeshuka nyuma ya mwembe.

Jumatano. Mawingu. Sikuona kitu.

Alhamisi. Saa 1.10 usiku. Mlangoni pa jikoni. Ipo juu ya mwembe, pale pale. Nimemwita mume wangu. Anasema hiyo ni Zuhura, nyota ya jioni, mama yake alikuwa akiitumia kujua wakati wa kuinjika chungu."