Mtaro Wenu, Mafuriko ya Jangwani

Kila masika yakikaribia, napigiwa simu na kiongozi wa mtaa mmoja au mwingine wa Dar es Salaam, na swali ni lile lile: “Mtaalamu, tumesikia jiji limepata ruzuku ya mafuriko. Mbona fedha zinaishia kwenye ramani na vipimo? Si watujengee mtaro mpana wa zege, maji yaende zake?”

Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Upole umeniishia.

Kwanza, tusiite kila fedha ruzuku. Zile dola milioni 200 ambazo Benki ya Dunia iliidhinisha mwaka 2022 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi ni mkopo, na mkopo hulipwa. Fungu la ruzuku huwa dogo, na aghalabu hutolewa ili mji ujue maji yake yanapita wapi na yamebeba nini kabla haujamwita mkandarasi.

Sasa hilo la “maji yaende zake.” Yaende wapi? Chukua hekta 1 ya mabati, zege na lami. Mvua ya milimita 50 ikinyesha hapo, zimeshuka lita 500,000. Zamani nyingi zilizama kwenye mchanga wa viwanja. Leo karibu zote zinateremka, na mtaro laini wa zege unazikimbiza hadi mtoni kabla mto haujapata nafasi ya kupumua. Tandaza mitaro ya aina hiyo Ubungo, Tabata na Kigogo, uone maji yatakavyofika Jangwani, huko chini bondeni, kwa mkupuo mmoja. Yakifika yanakuta mto umejaa mchanga uliomomonyoka huko juu, upande wa Pugu, na bahari ikiwa imejaa hayana pa kutokea. Mtaro wenu umewavusha ninyi na kuwazamisha wenzenu. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini humu. Hayo ndiyo maji mnayotaka tuyaongezee kasi?

Na mtaro huohuo mpana hugeuka dampo mwaka wa pili, maana hakuna aliyetenga fedha ya kuuzibua.

Kuna jambo jingine ambalo simu hizo hazilitaji kamwe: kutapisha vyoo. Watu husubiri mvua kubwa, wanatoboa shimo, wanaachia kila kitu mtaroni, wakiamini mvua inasafisha. Mvua haisafishi kinyesi, inakisafirisha. Kinapita mlangoni kwa jirani, watoto wanakikanyaga, kinaingia kwenye bustani za mchicha kando ya Msimbazi, na mchicha unarudi sokoni. Tukizika watu wa kipindupindu tunalaumu maembe.

Mnaweza kufanya nini? Mengi. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ile ile ya milimita 50 hujaza tangi la lita 5,000. Wekeni matangi kwenye shule na misikiti. Acheni ua bila zege. Kodini gari la kunyonya vyoo kwa kuchangiana kabla ya mvua. Simamieni mita 60 za kingo za mto zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Halmashauri ikiandika andiko la kuomba ruzuku, ulizeni kama lina ramani ya mitaro, vipimo vya maji na bajeti ya usafi. Lisipokuwa navyo, litarudishwa. Ramani si anasa: tangu 2015 wanafunzi na wakazi wa mitaa waliochora ramani za mitaa yao katika mradi wa Ramani Huria wameonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana kwa miguu na simu ya mkononi.

Basi, ndugu zangu viongozi wa mitaa, kabla ya kunipigia masika haya, uanzeni mtaro wenu pale juu unapoanzia, mshuke nao hadi mtoni na kalamu mkononi. Andikeni kila bomba la choo mtakalokuta limeelekezwa humo. Orodha hiyo nileteeni, nami nitakuja siku hiyohiyo.