Kwa Nini Jina Lililochorwa Halitafutiki

Mtu aliyeko Dar es Salaam amepata habari kwamba dada yake, ambaye ni mja mzito, amepelekwa katika hospitali ya Berega, wilayani Kilosa. Yeye mwenyewe hajapata kufika huko. Anachukua simu, anaandika maneno matatu, "hospitali Berega Kilosa", na kungojea. Majibu atakayopewa hayategemei uzuri wa tovuti yoyote. Yanategemea kwanza maneno ambayo mashine iliweza kuyasoma kabla yeye hajauliza.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba wanafunzi wa chama cha sayansi katika shule moja ya sehemu hizo wametengeneza tovuti ya kuwaelekeza wageni: njia ya kufikia, mahali pa kulala, saa za kuona wagonjwa. Juu kabisa wameweka kichwa cha kupendeza. Milima ya Ukaguru yatokeza, jua lapanda, kisha herufi za "Karibu Berega, Kilosa" zaingia moja moja. Hapana shaka kazi hiyo itashangiliwa darasani. Lakini ikiwa jina la Berega limo katika picha hiyo tu, yule ndugu wa Dar es Salaam huenda asiione tovuti hiyo kabisa.

Yafaa tufahamu jinsi mtambo wa utafutaji unavyofanya kazi. Mtambo kama Google, ulioanzishwa mwaka 1998, hauzunguki mtandao mzima kila mtu anapouliza swali. Kazi hiyo imekwisha fanywa mapema. Programu zake hupita toka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo, zikisoma maandishi na kuyaweka katika faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu cha Biolojia. Anayeuliza hujibiwa kutoka katika faharasa hiyo.

Sasa tutazame kile kichwa. Maneno "Karibu Berega, Kilosa", pamoja na mkato na nafasi zake, yana alama 21, nayo huhifadhiwa kwa baiti 21. Maneno hayo hayo yakichorwa katika picha yenye upana wa nukta 800 na kimo cha nukta 200, tunapata nukta 160,000, na kila moja yabeba rangi tu. Nukta haijui kwamba ni sehemu ya herufi B, kama vile tofali lisivyojua kwamba limo katika ukuta wa zahanati. Picha 10 zikifuatana ili kuleta mwendo, nukta zafikia 1,600,000 kabla ya kubanwa, na mwenye simu ndiye alipaye gharama ya kuzipakua. Ni kweli kwamba programu za siku hizi zaweza kutambua baadhi ya maandishi yaliyomo katika picha, lakini si busara kuikabidhi bahati kazi ambayo baiti 21 zaiweza.

Historia ya Flash yatosha kuwa ushahidi. Kwa miaka mingi tangu 1996 vichwa vingi vyenye mwendo vilitengenezwa kwa programu hiyo, na maneno yakafungiwa ndani yake. Mwaka 2008 Google ilitangaza kwamba imeboresha njia ya kuyasoma. Mwaka 2019 ikatangaza kwamba itaacha kufanya hivyo. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe ilikoma kuihudumia Flash, na vichwa hivyo vikawa visanduku vitupu hata kwa macho ya binadamu.

Je, mwendo uachwe? La. Dawa ni kutenganisha maneno na mapambo. Jina liandikwe kama maandishi halisi katika lugha ya HTML, ndani ya alama ya h1, ambayo huonyesha kichwa kikuu cha ukurasa. Litajwe pia katika title, kwa kuwa mara nyingi hayo ndiyo maneno yatokeayo katika orodha ya majibu. Kisha milima, jua na hata kule kusogea kwa herufi vipangwe kwa CSS, lugha inayoeleza sura ya ukurasa. Herufi zitacheza zipendavyo, nazo zitabaki herufi. Pale ambapo picha haiepukiki, sifa ya alt iandikwe maelezo yake kwa ufupi. Maelezo hayo humfaa pia mwanafunzi asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti.

Wako wajanja waandikao maneno meupe juu ya karatasi nyeupe, ili mashine iyasome na wageni wasiyaone. Google huhesabu jambo hilo kuwa ni udanganyifu, na tovuti yaweza kushushwa au kuondolewa katika majibu.

Jaribio la darasani ni rahisi, wala halihitaji mtandao ikiwa ukurasa umehifadhiwa katika kompyuta. Fungua ukurasa, kisha jaribu kuyakokota maneno ya kichwa kwa puku kana kwamba wataka kuyanakili. Yakigeuka rangi herufi kwa herufi, ni maandishi. Bonyeza Ctrl pamoja na F, andika "Berega", utazame kama kompyuta italionyesha neno hilo pale juu. Ikiwa herufi hazishikiki na neno halionekani, basi kilichopo pale ni rangi tupu, na wanafunzi warudi kwenye h1.