Mshipi wa Kigasha kwa Aumwaye Kiwiko

Mkata mkonge wa Ngombezi au Hale hukamata kisu tangu alfajiri, akata jani, apunguza mwiba, afunga tita. Kule Handeni mkulima hushinda na mpini wa jembe. Na nyumbani mama hutwanga, akamua nguo, ainua ndoo. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko yazaliwayo na kazi za namna hiyo, Waingereza waliyaita kiwiko cha tenisi tangu miaka ya 1880, kwa kuwa waliyaona kwa wacheza mpira wao. Jina ni la mchezo, lakini wengi waumwao hawajapata kushika raketi.

Kiumacho si mfupa. Ni kano ya misuli iinuayo kiganja, pale ijishikizapo kwenye nundu ya nje ya kiwiko, iliyochakaa kwa kazi iliyoishinda. Hata kuinua birika la udhu, au kumpa mwenzio mkono, huwa adhabu.

Wengi hufunga mshipi juu ya nundu yenyewe, nao hawapati faida. Mahali pake ni chini ya kiwiko, upana wa vidole viwili kutoka kwenye nundu, juu ya nyama ya kigasha, ili nguvu ya mshiko ipunguzwe kabla ya kuifikia kano. Uvaliwe wakati wa kazi, uvuliwe wakati wa kulala. Vidole vikifa ganzi au vikivimba, umekazwa mno; ulegezwe mara moja. Liko pia gango la kifundo cha mkono, nalo hupumzisha kweli, ila sijui nani atalima nalo.

Kumwambia alipwaye kwa matita yake "pumzika" ni rahisi kwa asemaye. Basi mshipi humsaidia afanye kazi kwa nafuu, lakini haumponyi, na akidanganyika na nafuu hiyo akaongeza matita, atazidi kuumia. Kinachoirudishia kano nguvu ni mazoezi: kigasha kilazwe mezani, kiganja kitazame chini nje ya ukingo, kishike chupa ya maji na kuishusha polepole, kila siku, kwa majuma mengi.

Na sindano je? Katika utafiti wa wagonjwa 198 huko Brisbane, Australia, uliotangazwa mwaka 2006, waliochomwa dawa ya kotikosteroidi walipata nafuu kubwa baada ya majuma 6. Mwaka ulipotimia, walikuwa nyuma ya waliofunzwa mazoezi.

Aliyeanguka, au mwenye homa na kiwiko kilichovimba, asifunge mshipi. Aende hospitali, kama ile ya Magunga pale Korogwe.