Je, Wajua? Kazi, Akili na Sheria, Kutoka Nachingwea Hadi Ruangwa

Je, wajua kuwa mji wa Nachingwea ulikuzwa na kazi ya kibarua? Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga wa Tanganyika katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matingatinga yaliingia porini, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikaletwa. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimeshateketea. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo wilaya ya Nachingwea ina kata iitwayo Stesheni hadi leo, na treni haipiti.

Je, wajua kuwa kibarua wa enzi zile hakuwa na haki ya kusema "basi, nimeshindwa"? Sheria ya kikoloni ya mabwana na watumishi, iliyotungwa mwaka 1923, ilihesabu kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Uliyemkimbia angeweza kukupeleka mahakamani.

Leo mambo yamegeuka. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi akijiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, kujiuzulu huko kunahesabiwa kuwa ni kuachishwa kazi. Barua kaandika yeye, lakini aliyemfukuza ni mwajiri. Kuna sharti moja: lazima uthibitishe. Hasira za siku moja hazitoshi. Kwa hiyo anayetukanwa kila wiki mbele ya wenzake aandike tarehe, maneno yenyewe na majina ya waliokuwepo.

Saa ngapi kwa wiki? Sheria hiyohiyo imeweka saa 45 za kawaida, zisizozidi 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6. Muda wa ziada ni kwa makubaliano, hauzidi saa 50 kwa kila majuma manne, na unalipwa mara moja na nusu. Baada ya saa 5 mfululizo una haki ya mapumziko ya saa nzima. Mameneja ndio hawamo katika hesabu hii.

Sasa mchukue mlinzi wa ghala la korosho. Msimu umechanganya, magunia yamefika darini, yeye anaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Ukimtolea saa moja ya kupumzika kila usiku, bado zinabaki saa 66. Ziada ya saa 21 kwa wiki ni saa 84 kwa majuma manne, wakati mwisho wa sheria ni 50. Na tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi anastahili nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wake kwa kila saa. Wangapi wanaipata? Waulize walinzi, usiwaulize wenye maghala.

Je, wajua kuwa hata anayefuata sheria barabara anaweza kuumia? Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na moyo katika mwaka 2016 pekee. Chukua saa zetu 45, ongeza ziada yote inayoruhusiwa, unapata wastani wa saa 57 na nusu. Sheria yetu inamfikisha mtu kwenye mstari wa hatari na kumvusha kidogo.

Karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, je? Huyu ndiye anayesimama kwenye mizani wakati wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, wanaouza kupitia chama kikuu cha RUNALI, wamepanga foleni juani. Mkulima anaona kilo zake zimepunjwa. Ghala linasema mzigo umepungua. Karani anasema ni unyaufu, yaani korosho imekauka na uzito umeshuka, na kila upande unamtazama kama mwizi. Usiku anarudia hesabu kichwani. Halafu mtu anakuja kumfundisha jinsi ya kuvuta pumzi ili apunguze msongo wa mawazo! Mpeni kwanza mizani iliyohakikiwa na msaidizi wa kuandika, mafunzo ya pumzi yatafuata.

Je, wajua kuwa mwajiri hawezi kuamka tu na kukukata mshahara kwa sababu gunia limepotea? Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, uelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kupinga, na ukubali kwa maandishi. Makato yenyewe hayazidi robo ya mshahara. "Tutakata mpaka liishe" haimo katika kifungu chochote.

Mshahara unatakiwa ulipwe siku iliyokubaliwa. Wanaodhani hilo ni suala la fedha tu hawajawahi kumwona mtu mzima akikwepa njia ya dukani kwa Mangi tangu tarehe 25 hadi tarehe 10.

Je, wajua kuwa sheria haitofautishi malaria na sonona? Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari, na hakuna palipoandikwa kwamba ugonjwa wa akili haumo. Kinachomzuia mtu ni woga wa jina. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, inahudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, lakini maofisini jina lake bado ni tusi la kuchekeshana. Ukisikia "huyu tumpeleke Mirembe" mara tatu kwa wiki, utakwenda kwa bosi kumwambia hulali usiku?

Utani. Hapa kusini tunaujua vizuri: Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo wana watani wao, na mtani anaweza kukusema hata msibani na usinune. Lakini utani una masharti yake. Wewe unanitania, nami nakutania. Bosi anayemwita mhudumu "zigo" na kusema "natania tu", huku mhudumu akimjibu hivyohivyo atapewa barua, huyo hatanii. Sheria ya 2004 inasema unyanyasaji wa mfanyakazi kwa misingi kama jinsia, kabila, dini, ulemavu au ujauzito ni ubaguzi, na ubaguzi umekatazwa.

Je, wajua kuwa kumdai mtu ngono ili apate ajira au apandishwe cheo ni rushwa? Iko katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Mlango wa kubisha ni TAKUKURU. Si lazima uanzie kwa mkuu wa idara, hasa kama ndiye mdai.

Msiba je? Sheria ya Ajira ya 2004 inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa kuuguza au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa tumbo. Soma tena orodha hiyo ukiwa umekaa Ruangwa. Mjomba hayumo. Kwa jamii zinazofuata ukoo wa mama, kama Wamwera na Wamakonde, mjomba ndiye mwenye ukoo, ndiye aliyekuozesha, na ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Akifa, mwenye busara anakupa ruhusa. Asiye nayo anafungua kitabu. Mwenye mkataba wa pamoja mezani anaweza kuongeza neno hilo moja, kwa sababu siku zilizotajwa na sheria ni kiwango cha chini.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwemo. Mwajiri anaweza, ukikubali, kukuacha ufanye kazi kipindi cha likizo, lakini haruhusiwi kukufanyisha kazi miaka miwili mfululizo bila kupumzika. Wanaojisifu kwamba hawajaenda likizo tangu enzi za Mkapa wajue wanajisifia uvunjaji wa sheria.

Je, wajua kuwa mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu mkubwa wa kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa, huku likisema wazi kwamba wenyewe si ugonjwa? Limeueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa. Dalili zake tatu: nguvu zimekwisha, kazi umeichukia au umeipa kisogo, na unaona ufanisi wako kazini umeshuka. Mwalimu wa shule ya mbali huko Kilimarondo, ambaye mwenza wake yuko Mwanza na ombi la uhamisho wa kufuata mwenza halijajibiwa, hahitaji kusomewa orodha hiyo.

Nairobi nako kuna somo. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja picha na video za kutisha za Facebook, aliishtaki Meta pamoja na kampuni ya Sama iliyomwajiri. Katika kesi nyingine ya wachujaji wenzake, daktari wa akili Ian Kanyanya wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta aliwapima, na ilipofika Desemba 2024 ikajulikana kuwa zaidi ya 140 wana athari za kiwewe. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo.

Na simu ya kazini? Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi hutakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutojibu ujumbe baada ya saa za kazi. Kwetu kundi la WhatsApp la ofisi halilali, na saa 4 usiku bosi anauliza: "Mbona mmesoma na hamjibu?"

Ruangwa ina madini ya kinywe kule Matambarale. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoingia kazini na baadaye kwa vipindi. Mapafu yapimwe, vumbi la kinywe si mchezo. Masikio yapimwe pia. Swali la "unalala vizuri?" halina gharama, liongezwe kwenye fomu.

Je, wajua kuwa Nachingwea, yenye kambi za jeshi, ina wafanyakazi wengi ambao Sheria ya Ajira ya 2004 kwa sehemu kubwa haiwagusi? Wanajeshi, polisi, magereza na JKT wametolewa, wana sheria zao. Walimu, wauguzi na watumishi wengine wa umma wamo, ila sharti wamalize kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma.

Kwa wengine wote, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza Fomu Namba 1. Mgogoro wa kuachishwa kazi, ukiwemo ule wa kujiuzulu kwa kuchoshwa na mwajiri, unafunguliwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukichelewa, itabidi kwanza uombe kusamehewa ucheleweshaji, na Tume inaweza kukataa.